Nyumba Iliyofutwa kwa Mkate

Shuleni kwetu mkate huja ukinuka moshi. Mpishi huuweka karibu na jiko la makaa tangu alfajiri, na ukifika mezani kwa chai ya saa nne, unanuka vyote viwili, ngano na makaa. Wenzangu wanaula tu. Mimi naunusa kwanza. Nafumba macho, nauweka puani, nauvuta kama mzee anayevuta ugoro, na meza nzima inaangua kicheko. Nawaacha wacheke. Mimi ndiye mchekeshaji wa kidato hiki, na mchekeshaji hana ruhusa ya kusema, jamani samahani, leo sichekeshi, leo namkumbuka bibi yangu.

Nyinyi nitawaambia. Wao hapana.

Nilikuwa na miaka tisa, darasa la nne, na tulikaa Namuwongo ya chini, mtaa wa vibanda kando ya reli, ule upande ambao treni ikipita vikombe vinatembea vyenyewe mezani. Tulikuwa watatu katika chumba kimoja. Mama alikuwa anaosha vyombo katika mkahawa mmoja Kabalagala, na alirudi amechoka hata kunigombeza. Mimi nilihitaji sana kugombezwa. Wa tatu alikuwa Koko. Koko ndivyo sisi Wakongo tunavyomwita bibi. Huyu alikuwa mama yake baba, na baba mwenyewe alibaki njiani tulipokuwa tunakimbia vita, na nyumbani hatukulizungumza. Koko aliniita mume wangu, kama mabibi wengi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na kama mke yeyote mwenye akili, aliniangalia kwa mashaka.

Likizo moja mwaka ule aliteremka mzungu mmoja mzee kutoka Muyenga, kule mlimani kwenye kuta ndefu na mbwa. Alikuwa ametoka Norwei kumtembelea binti yake aliyekuwa na kazi mjini. Huko juu hakukuwa na cha kutazama ila mageti, basi kila asubuhi alishuka kwetu na kiti chake cha kukunja, mkoba wa karatasi, na mfuko wa nailoni wenye vijiti vya makaa na nusu mkate. Alikaa kando ya reli akachora. Tulidhani mkate ni wa kula. Saa moja baadaye alimega ile nyama yake ya ndani, akaifinyanga kwa vidole mpaka ikawa kitonge, akaisugua juu ya karatasi, na mstari aliokosea ukatoweka. Kile kitonge cheusi akakitupa chini.

Watoto kumi na wawili tulinyamaza. Haijawahi kutokea tena.

Tafadhali fikirieni. Mtu anachora kwa makaa na kufuta kwa mkate. Nyumbani kwetu siku palipokuwa na makaa hapakuwa na mkate, na siku ya mkate tulikunywa maji baridi. Nilipomsimulia Koko alisonya, akasema, "Anayefuta kwa mukate hajalala njaa hata siku moja." Lakini kesho yake akaja mwenyewe kutazama, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, sufuria ya maharagwe mapajani, anachambua.

Vile vitonge tulivigombania. Baadaye vikawa vyangu peke yangu, kwa sababu nilipewa cheo: mkalimani. Kiingereza changu kilikuwa kimejaa matundu kama bati letu, ila matundu niliyaziba mwenyewe kwa chochote nilichokuwa nacho karibu. Nilikaa mguuni pake, nikatafsiri kwenda huku na huku, na kila kitonge kilichoanguka nikakiokota, nikapuliza vumbi, nikala. Mkate wenye makaa unasaga kidogo menoni, na ulimi unabaki mweusi mpaka jioni. Nimekula vibaya zaidi, hasa hapa shuleni.

Mzee Makaa, jina hilo nilimpa mimi, kama karibu majina yote ya utani ya mtaa miaka ile, na mengine hayaandikiki, alikuwa na daftari kubwa la michoro yake ya zamani. Siku ya pili alimpa Koko alitazame. Maisha yake yote yule mzee alikuwa amechora kitu kimoja tu: majengo yaliyokufa. Nguzo zimesimama zenyewe, hazibebi chochote. Matao yameotwa na majani. Ngazi zinapanda, zinapanda, halafu zinaishia hewani. Kulikuwa na ya Italia, ya Ugiriki, ya Uturuki na Misri. Koko alifuta mikono kwenye kitenge, akafungua ukurasa mmoja mmoja kwa ncha ya kidole, na uso wake ukazidi kuwa mzito.

"Mume wangu, muulize. Hii ilikuwa vita gani?"

Nikauliza. Mzee akasema si vita, au labda vita vilikuwa vingi hadi vimesahaulika. Hasa ni umri. Miaka elfu mbili.

"Miaka elfu mbili, na mawe bado iko pale? Hakuna mutu aliiba?"

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Akasema wapo walinzi, kuna uzio, na watu hukata tiketi kuingia kuona. Nikamwambia Koko kwamba huko kwao askari analipwa mshahara kulinda nyumba iliyobomoka. Koko alifikiri muda mrefu juu ya hilo. "Hao watu wameshiba," akasema, bila ubaya, kama daktari anayetaja ugonjwa.

Alikuwa karibu kulifunga daftari alipoona kitu. Kwenye ukurasa mmoja, juu ya ukuta uliovunjika, mzee alikuwa amechora paa kwa mistari myembamba sana, kama uzi wa buibui. Paa lenyewe halikuwepo. Alilikisia kutoka kwenye matundu ya boriti yaliyobaki ukutani. Koko aliuliza mistari ile ni ya nini, nikauliza, nikamjibu, naye akaacha kuchambua maharagwe.

"Muulize tena. Anaweza kuchora nyumba ambayo hajaiona, mutu akimwambia?"

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo wakati ule nililijua bila kulijali. Koko alikuwa na nyumba Kalehe, juu ya kilima, ikitazama ziwa. Mume wake aliijenga kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe. Waliitoka asubuhi moja na nguo walizovaa, na baadaye wakasikia imechomwa moto. Picha haikuwepo. Mama hakuwahi kuiona, kwa kuwa aliolewa mjini. Ilibaki kwenye kichwa cha Koko peke yake, na kichwa chenyewe kilikuwa kimeanza kuvuja. Kwanza yalitoka majina ya majirani. Halafu akawa anatia chumvi mara mbili. Kisha siku moja aliamka, akakaa kitandani, na hakukumbuka dirisha la chumba alimozalia watoto wake watano, ambao hakuna hata mmoja aliyebaki, lilikuwa kulia kwa mlango au kushoto. Nilimwona akilia. Kulilia dirisha! Mimi, mjinga, nilikuwa na kichekesho tayari mdomoni, ila mama alinikata jicho.

"Nyumba inanitoka," Koko alimwambia Mzee Makaa kupitia kwangu. "Nataka ikae mahali kabla haijaisha."

Hilo nililitafsiri vizuri. Nadhani ndiyo sentensi pekee niliyoitafsiri vizuri likizo ile. Mzee hakucheka. Alichukua karatasi mpya, kubwa, akasema itachukua siku nne hivi: kuta, mlango, dirisha, na paa mwishoni, kwa sababu paa hukaa juu ya vilivyo chini yake.

Kazi yao ilikuwa hivi. Koko alisimama kwenye uwazi ulio kati ya vibanda vyetu na reli, akapima nyumba yake kwa miguu, hata kuvuka reli. Hatua tisa huku, hatua saba kule. Mzee alihesabu na kuandika pembeni. "Hapa mulango," alisema Koko, na kila alipoupita aliinama, maana mumewe, aliyekuwa mfupi, aliujenga kwa kimo chake. Watu walipita na madumu ya maji wakamwona kikongwe akiinamia hewa. Wengine walisema bambi, maskini, amechanganyikiwa. Mimi nilimwiga mgongoni pake, nikainama kupita kiasi, watoto wakagaagaa chini. Siku moja treni ya mizigo ilikuja akiwa jikoni. Akatoka mbio kwa mlango, akainama hata katika mbio zile, akasimama kando yetu, na treni ikapita katikati ya sebule yake, behewa baada ya behewa. "Pole," mzee alimwambia kwa Kiswahili, neno pekee alilolijua. Koko akajibu, "Asante, ni wageni tu, watatoka."

Kwenye karatasi kuta zilisimama. Mlango ukasimama, mfupi, na jiwe la kukalia kando yake. Dirisha ndilo liligoma. Asubuhi Koko alisema kushoto, mzee akalichora kushoto. Baada ya chai akasema hapana, jua la asubuhi lilimpiga usoni akinyonyesha, basi ni kulia. Mkate ukapita, likahamia kulia. Jioni likarudi. Mzee hakuchoka. Alimega, akafinyanga, akafuta, na vitonge vikadondoka nami nikala. Sikuwahi kushiba kama siku hizo mbili.

Wiki hiyohiyo vijana wawili walipita na kopo la rangi nyekundu, wakapiga alama ya X kwenye milango yote iliyo karibu na reli. Yetu pia. Hawakusema watabomoa lini. Watu wakaanza kulala na vitu vyao vimefungwa, na kila mgeni mwenye karatasi mkononi akawa anatazamwa mara mbili. Kwetu Namuwongo mtu anayekaa anatazama nyumba yako na kuandika hajawahi kukuletea heri.

Siku ya tatu mchana alikuja Mama Zaituni, jirani yetu Mnubi aliyekuwa akiuza chai ya tangawizi na mandazi. Mwanamke mkubwa, wa sauti, mwenye roho nzuri. Koko alikuwa ameingia ndani kupumzika. Mama Zaituni alisimama nyuma ya mzee, akaliona lile daftari la zamani limefunguliwa chini, akainama akafungua kurasa.

"Eh, wewe mutoto, huyu mzee anachora nini sana hivi? Hii manyumba ilifanya nini?"

Nikamtazama. Nikatazama nguzo, matao, ngazi za hewani. Kichekesho kilikuja chenyewe, kimeiva.

"Anasema alipozichora zilikuwa nzima," nikamwambia. "Akimaliza tu kuchora, zinaanguka."

Nikasubiri acheke. Alifungua ukurasa mwingine, na mwingine. Akatazama kilicho kwenye magoti ya mzee. Kisha akageuza shingo polepole akatazama mlango wake wenye X.

"Kweli?"

Ilikuwa nafasi ya kusema hapana, Mama Zaituni, nakutania. Ilikuwa nafasi kubwa kama uwanja. Lakini utani wangu ulikuwa umepata mteja, na mimi sikuwa mtu wa kumrudisha mteja.

"Kweli kabisa. Zote."

Kufikia jioni habari ilikuwa imefika mpaka kwenye bomba la maji, nami niliisikia ikinirudia ikiwa imenenepa: eti kuna mji mzima mzee yule aliuchora, ukafa na watu wake. Nilijisikia mtu mkubwa.

Asubuhi ya nne kuta na mlango vilikuwa tayari, dirisha limefutwa pande zote mbili, na Koko aliamka na uso unaong'aa kwa furaha. "Leo nitalipata," alisema. "Musiniongeleshe." Alisimama nje ya nyumba yake ya hewa, akafumba macho, akainama, akaingia. Mikono yake ilipapasa ukuta. Mzee Makaa aliinua kijiti juu ya karatasi, akangoja.

Hapo ndipo walipokuja wanawake kama wanane, Mama Zaituni mbele.

"Ssebo, bwana, tunakuheshimu," alimwambia. "Lakini beba vitu vyako. Hapa usichore tena. Hata ya huyu mama usimalize."

Mzee akanigeukia kuuliza wanasema nini. Nikamwambia wanasema jua ni kali, anapaswa kupumzika. Akawatabasamia, akaweka mkono kifuani kuwashukuru, na akarudi kwenye karatasi yake. Sasa nyinyi jiwekeni mahali pao. Mnamwambia mtu unatuua, naye anatabasamu na kuendelea.

Beseni la maji ya vyombo lilitoka nyuma. Mzee alijitupa juu ya karatasi ya Koko, akaifunika kwa kifua, na maji yakaliangukia daftari. Italia, Ugiriki, Misri, miaka elfu mbili na askari wa kuilinda. Yote yakawa tope jeusi ndani ya dakika moja. Aliliinua likidondoka. Akanitazama. Hakuwa na hasira, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliuliza tena, polepole, kama mwalimu anayekusaidia kujibu: wanasema nini?

Jibu nilikuwa nalo kwa lugha mbili.

"Sijui," nikasema.

Alikunja kiti. Akamwendea Koko, aliyekuwa bado amesimama chumbani kwake, macho wazi sasa, mkono mmoja umenyooshwa kwenye ukuta ambao sisi wengine hatukuuona. Akampa karatasi kwa mikono miwili, kama tunavyowapa wazee, sijui alijifunza wapi. Kisha akapanda mlima.

"Amesema atarudi lini?" Koko aliniuliza.

"Kesho, Koko."

Hakuwa amesema kitu.

Jioni Koko alichambua maharagwe bila kuinua macho, akasema, "Ulimi hauna mufupa, mume wangu." Sikujua kama anamsema Mama Zaituni au mimi.

Alimngoja asubuhi kumi na moja. Niliona aibu kumtazama pale juu ya ndoo yake, basi siku moja nilipanda Muyenga kumtafuta mzee. Mageti yalifanana yote. Nilibisha moja, mbwa akajibu, nikashuka. Hiyo ndiyo juhudi yangu yote, sitaiongezea chumvi.

Tingatinga lilikuja asubuhi, wiki ya tatu. Tulitoa magodoro, sufuria, na karatasi ya Koko imeviringishwa ndani ya blanketi. Chumba chetu kilianguka kwa msukumo mmoja, bila kelele za maana. Wanawake walilia wakisema, si mliona, si tulisema, yule mzee! Na katikati ya vumbi lile Mama Zaituni, ambaye jiko lake lilikuwa limelala ubavu, alinitafuta, akanipa andazi moja lililobaki. "Wewe mutoto ulituambia mapema," alisema, akanishika kichwa.

Nililila. Nawaambieni ukweli, nililila lote.

Jambo ambalo Koko aliliona, mimi nikalielewa baadaye, ni kwamba hatukuachiwa hata magofu. Kufikia saa kumi jioni mabati yalikuwa yamechukuliwa, mbao zimebebwa, misumari imenyooshwa kwa mawe na kuwekwa kwenye makopo. Mimi mwenyewe nilibeba matofali mawili. Kulibaki ardhi iliyofagiwa na reli. Angekuja mchoraji siku ile angeuliza nyumba zilikuwa wapi.

Tulihamia Bukoto, chumba kidogo nyuma ya fleti, ambako mama alipata kazi ya kufua. Alipigilia karatasi ya Koko ukutani kwa misumari minne. Koko hakupona safari ile. Aliutafuta mlango mahali pa dirisha. Alininyima chakula akiniambia mume wake anarudi sasa hivi. Kuna siku nilimchekesha kwa kuinama kila nilipoingia, na alicheka, halafu akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Nilikuwa darasa la sita, mvua inanyesha, yeye kitandani, alipoiinulia kidole ile karatasi.

"Ile nyumba ni ya nani? Mbona imebomoka?"

Niliitazama. Kuta nzima, mlango mfupi, jiwe la kukalia. Hakuna paa. Kwenye ukuta doa la kijivu kulia na doa la kijivu kushoto, kama moshi umepita. Alikuwa na haki kuuliza. Ilikuwa sawasawa na zile za daftarini. Nilijua nilipaswa kusema, ni yako, Koko, ya Kalehe, haikubomoka, ni mimi niliizuia isiishe. Nilikuwa tena mkalimani, na tena maneno ninayo.

"Ya wazungu, Koko," nikasema. "Ya zamani sana."

Akaitazama kwa heshima.

"Na hakuna mutu aliiba mawe," alisema. "Waliilinda vizuri."

Alifariki kabla muhula haujaisha.

Sasa nina miaka kumi na sita, na karatasi iko chini ya godoro langu bwenini, kwenye bomba la plastiki nililoliomba kwa fundi. Mwalimu wetu wa sanaa anatupa makaa ya kuchorea. Mara kadhaa, wenzangu wakiwa uwanjani, nimeitandaza juu ya meza nimalizie. Paa naliweza. Hatua tisa kwa saba, matofali, mtu mfupi, ziwa mbele. Paa la namna hiyo hata mimi nalikisia. Naanza mistari yangu ya buibui, mkono unashuka ukutani, unasimama.

Nimeyaangalia yale madoa mawili kwenye mwanga wa dirisha, nimeyaangalia kwa kipande cha lenzi nilichoazima maabara. Mkate wa yule mzee ulifuta safi. Hakuna mtu duniani aliyebaki wa kuniambia ni kulia au kushoto. Madirisha yote mawili, la kweli na la kukosea, yalidondoka miguuni pangu nikiwa na miaka tisa, nikapuliza vumbi, nikala.